Washindi Wasioalikwa

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Maana ya methali hii ni wazi kwa kila aliyewahi kusimama kando ya ngoma. Mchezaji hodari akiingia uwanjani mbele ya watu wa kwao, vigelegele hupigwa, leso hutandazwa, na fedha hubandikwa kwenye paji la uso wake. Tuzo ni haki ya ustadi, na kwao ndipo mahali pa kuidai. Lakini hutokea mtu akacheza kwao, akawapita wenzake wote kwa ufundi, na tuzo isije. Hapo methali huingia katika majaribu, na msikilizaji hulazimika kuuliza maswali mawili ambayo ngomani hayaulizwi: kwao ni wapi, na ni nani mwenye haki ya kutunza?

Katika mwaka wa 1951 maswali hayo mawili yaliwafikia vijana wa Chuo Kikuu cha San Francisco, katika jimbo la California, Marekani. Timu yao ilicheza michezo tisa ya msimu ikashinda yote tisa. Haikushindwa, haikutoka sare, na haikualikwa popote. Habari yake yastahili kusimuliwa kwa wanafunzi, maana waliotenda jambo hili walikuwa wanafunzi, na walilitenda katika umri ambao watu wazima hudhani kwamba kijana hajui bado kupima thamani ya kitu.

Kwanza ni lazima mchezo wenyewe ueleweke. Mpira wa Kimarekani si kandanda ijulikanayo Afrika ya Mashariki. Mpira wake una umbo la yai lenye ncha mbili, nao hubebwa mikononi zaidi kuliko kupigwa kwa mguu. Wachezaji kumi na mmoja wa upande mmoja hukabiliana na kumi na mmoja wa upande wa pili, na shabaha ni kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa mpinzani. Upande wenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi kumi. Ukiweza, hupewa nafasi nne nyingine. Usipoweza, mpira huenda kwa wapinzani. Kwa hiyo ardhi ya uwanja hugombewa kidogo kidogo, kama shamba linalolimwa kwa jembe la mkono katika udongo mgumu.

Jambo moja katika mchezo huo halionekani upesi kwa mgeni. Macho ya watazamaji humfuata abebaye mpira, na jina lake ndilo liandikwalo gazetini kesho yake. Lakini hawezi kwenda hatua tatu bila wenzake kumfungulia njia. Mbele yake watu wakubwa huinama, hujitupa kwa mabega, hugongana na adui na kumsukuma kando, ili pawe na mwanya wa kupita mtu mmoja. Kazi yao haina sifa. Mpita njia husifiwa. Mfungua njia huinuka na vumbi usoni akarudi mstarini. Mtu anayeisoma habari ya msimu wa 1951 aweke neno hili moyoni, kwa kuwa ndilo ufunguo wa yote yaliyofuata.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo. Kilianzishwa na mapadri Wajesuiti mwaka 1855, na majengo yake yako juu ya kilima, karibu na kanisa la Mtakatifu Ignasi ambalo minara yake miwili huonekana kutoka mbali pindi ukungu wa bahari unapoondoka. Hakikuwa na mali ya vyuo vikubwa vya serikali, wala wahitimu matajiri wengi wa kukijengea viwanja. Timu yake ilicheza katika uwanja wa mji ulioitwa Kezar, ambao pia ulikuwa nyumba ya timu ya mji ya wachezaji wa kulipwa. Kwa timu ya chuo kidogo uwanja ule ulikuwa kama joho la baba juu ya mabega ya mtoto: viti vilikuwa vingi kuliko watu.

Mwalimu wa timu alikuwa Joe Kuharich, mtu mkali aliyekuwa amecheza Notre Dame na baadaye katika timu za kulipwa. Aliwachukua vijana wake wakati wa kiangazi mpaka Corning, mji mdogo katika bonde la kaskazini mwa California ambako jua huwaka bila huruma, akawafanyisha mazoezi mazito. Ukali wa namna hiyo hauwezi kusifiwa wote. Lakini una tabia moja: huwavua watu majivuno waliyokuja nayo. Mtu aliyelala chini akihema karibu na mwenzake aliyelala chini akihema hana nafasi ya kumuuliza baba yake ni nani.

Na baba zao walikuwa wa kila namna. Gino Marchetti alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kitaliano. Alikuwa amepigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili kabla hajarudi darasani, na yasemekana alifika chuoni juu ya pikipiki akiwa amevaa koti la ngozi, vazi ambalo mwalimu wake hakulipenda hata kidogo. Bob St. Clair, mzaliwa wa San Francisco, alikuwa mrefu kupita milango mingi. Ed Brown ndiye aliyegawa na kurusha mpira. Na katikati yao walikuwapo wawili weusi: Ollie Matson, aliyezaliwa Trinity katika Texas mwaka 1930, na Burl Toler, aliyezaliwa Memphis katika Tennessee mwaka 1928.

Hawa wawili walizaliwa Kusini, katika nchi ambayo sheria iliwagawa watu kwa rangi katika shule, katika magari, katika hoteli, hata katika mifereji ya maji ya kunywa. Walikutana San Francisco wakasoma pamoja katika chuo cha mji kile, na mwaka 1948 walikuwa katika timu ya chuo hicho ambayo nayo haikushindwa. Kisha wakapanda kilima kwenda kwa Wajesuiti. Matson alikuwa mbeba mpira, mwenye mwili mkubwa na mbio za mwanariadha, mambo mawili ambayo Mungu huwagawia watu mbalimbali na kwa nadra humpa mmoja yote mawili. Toler alikuwa mlinzi; kazi yake ilikuwa kuisoma nia ya adui kabla haijawa tendo, na kumwangusha abebaye mpira kabla hajapata mwendo.

Mtu mwingine ambaye hakuvaa jezi naye atajwe hapa. Alikuwa kijana aliyehitimu chuoni hapo, na kazi yake ilikuwa kuzieneza habari za timu: kuwaandikia waandishi, kuwapigia simu, kuwabembeleza wa miji ya mbali walitazame jina la chuo wasichokijua. Jina lake Pete Rozelle. Wakati ule hakuna aliyefikiri kwamba mwenye kubembeleza waandishi angekuja kuwa mtu wa kubembelezwa.

Msimu ulianza Septemba 1951, na ushindi ukafuatana na ushindi. Oktoba timu ilivuka nchi nzima mpaka New York kucheza na Fordham, chuo cha Wajesuiti wenzao chenye jina kubwa kuliko lao. Huo ndio mchezo uliokuwa mgumu kuliko yote. Matson aliudaka mpira uliopigwa na wapinzani akaurudisha uwanja karibu mzima mpaka mstari wa mwisho. Na kama kwamba mara moja haikutosha kuwashawishi watu wa mashariki, akafanya hivyo mara ya pili. San Francisco walishinda kwa alama 32 dhidi ya 26. Waandishi wa New York, waliozoea kudhani kwamba mpira wa maana huishia kwenye mito yao, waliandika habari za kijana yule.

Waliporudi pwani ya magharibi waliwashinda jirani zao wa Santa Clara kwa 26 dhidi ya 7. Kisha wakaenda Stockton kukutana na chuo cha Pacific, timu yenye nguvu ambayo nayo ilitazamia mialiko ya mwisho wa mwaka. Wengi walitegemea vita vya kusawazana. Mambo yakawa 47 kwa 14. Na tarehe 24 Novemba walikwenda Pasadena, wakacheza na Loyola ya Los Angeles katika ule uwanja mkubwa uitwao Rose Bowl, wakashinda 20 kwa 2. Msimu ukaisha hapo. Matson peke yake alikuwa amebeba mpira jumla ya yadi 1,566 katika michezo tisa, zaidi ya mchezaji yeyote wa chuo nchini mwaka ule, na kuvuka mstari wa mwisho mara 21.

Kwa desturi ya Marekani, timu ya chuo iliyofanya vizuri haimalizi kazi Novemba. Siku ya mwaka mpya hufanywa michezo ya heshima katika miji ya joto, nayo huitwa mabakuli, kwa sababu viwanja vya kwanza vilikuwa na umbo la bakuli. Kila mji huupa mchezo wake jina la kitu chake: Miami ina Orange Bowl kwa ajili ya machungwa, New Orleans ina Sugar Bowl kwa ajili ya sukari, na Jacksonville wakati ule ilikuwa na Gator Bowl kwa ajili ya mamba wa mabwawa yake. Wakati ule kamati za miji hiyo ndizo zilizochagua wageni. Mwaliko ni sifa, tena ni fedha, na kwa chuo cha San Francisco fedha ilikuwa na uzito kuliko sifa, maana mchezo ulikuwa ukikila chuo. Safari, vifaa na chakula cha wachezaji viligharimu kuliko viingilio vya Kezar vilivyoweza kulipa. Bakuli moja lingejaza pengo.

Mialiko haikuja kama ilivyostahili. Kilichokuja ni neno lenye sharti: timu yaweza kukaribishwa Kusini, mradi Matson na Toler wabaki nyumbani.

Sharti hili litazamwe vizuri, maana ubaya wake haukuwa katika ubaguzi peke yake. Waalikaji walitaka kuiona timu isiyoshindwa. Lakini kilichoifanya isishindwe walitaka kiachwe mlangoni, kama viatu. Walitaka yadi 1,566 bila miguu iliyozikimbia. Waswahili wana methali juu ya mtu wa namna hii: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Kazi ya mtu hupendwa, faida yake hutafutwa, jasho lake hunywewa. Mwenyewe hafai kuketi mezani.

Na liko jambo lenye uchungu zaidi. Miji ile ilikuwa ya Kusini, na Kusini ndiko walikozaliwa Matson na Toler. Kama methali ya wahenga ingefuatwa kwa maneno yake, huko ndiko kwao. Ilitakiwa watu wa California ndio waulizwe kama wana ruhusa ya kuingia, na watoto wawili wa Texas na Tennessee wawe ndio wenyeji.

Waliosimulia siku zile katika uzee wao, Marchetti na St. Clair miongoni mwao, walisema kwamba hapakuwa na mjadala mrefu. Wachezaji walipolipata neno lile walilikataa. Kama wawili hawaendi, hakuna aendaye. Hawakuandika tamko, hawakuita mkutano wa magazeti, hawakujiona kuwa mashujaa. Msomaji aliyezoea hadithi za ujasiri huenda akahisi kwamba habari hii inakosa kitu, kwa jinsi jibu lilivyokuwa fupi. Lakini ufupi huo ndio unaopaswa kuchunguzwa.

Neno gumu likisemwa kwa wepesi, kuna mahali ambapo uzito wake umekwisha kubebwa. Vijana hawa walikuwa wamelibeba kwa muda mrefu bila kujua. Kila mara Matson aliposhika mpira, watu weupe mbele yake walijitupa chini ili apite. Kila mara adui alipovunja ukuta wao, Toler alikuwa nyuma yao, akiwafichia kosa. Mabega yao yalikuwa yamekwisha kujibu swali kabla halijaulizwa. Kamati za Kusini zilidhani zinawaomba wafanye hesabu mpya. Kumbe ziliwaomba wavunje hesabu iliyokuwa imefungwa uwanjani siku nyingi. Kumfungulia mtu njia miezi mitatu na kumfungia mlango siku ya karamu ni mambo mawili ambayo mwili mmoja hauwezi kuyafanya bila kupasuka.

Haki yataka upande wa pili nao usikizwe. Sababu iliyotajwa mbele ya watu na baadhi ya waalikaji ilikuwa kwamba wapinzani wa San Francisco walikuwa wepesi, na kweli miongoni mwa tisa hawakuwamo wakubwa wa nchi. Hoja hii si ya kudharauliwa yote. Walakini inashindwa mahali pawili. Pacific, waliopigwa 47 kwa 14 mbele ya macho ya watu, walialikwa El Paso kucheza Sun Bowl. Na vyuo sita vilivyoketi katika mabakuli matatu ya Miami, New Orleans na Jacksonville siku ile ya mwaka mpya wa 1952, yaani Georgia Tech, Baylor, Maryland, Tennessee, Miami na Clemson, havikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Sababu yaweza kuwa kweli na bado isiwe ndiyo sababu.

Wala jambo hili halikutoka angani. Mwezi huohuo wa Oktoba 1951, mjini Stillwater katika Oklahoma, mchezaji mweusi wa chuo cha Drake, Johnny Bright, alipigwa ngumi usoni na mchezaji wa upande wa pili wakati hana mpira mkononi, taya lake likavunjika. Wapiga picha wa gazeti la Des Moines walikuwapo, na picha zao zilionyesha mfululizo wa tukio kwa namna isiyoweza kukanushwa. Mwaka uliofuata zilipata tuzo ya Pulitzer. Kwa hiyo aliyekuwa mweusi katika uwanja wa Marekani mwaka ule alikuwa na hatari mbili mbele yake: kupigwa akialikwa, na kutoalikwa akishinda.

Kisha ikaja gharama. Chuo hakikupata bakuli, na bila bakuli hakikupata fedha. Baada ya msimu ule ule, uliokuwa mzuri kuliko yote katika historia yake, chuo kilitangaza kwamba hakitakuwa tena na timu ya mpira wa Kimarekani. Vijana waliobakiwa na miaka ya masomo walitawanyika, St. Clair alihamia Tulsa ili amalize uchezaji wake. Mapadri hawakuwa na ubaya katika hili. Deni halijui methali wala halisomi magazeti. Lakini msomaji ana haki ya kusimama hapa na kujiuliza: wangalikwenda bila wawili wale, je, timu ingaliokoka?

Pengine ingaliokoka. Hii ndiyo sehemu ya habari ambayo wasimulizi wengi huipita mbio, kwa sababu hupenda wema ulipwe papo hapo. Wema huu haukulipwa papo hapo. Waliotenda haki ndio waliopoteza, na waliotenda dhuluma walifanya karamu yao na ngoma zikalia. Anayewafundisha vijana kwamba haki haina gharama huwafundisha uongo, na siku gharama itakapowafikia watadhani wamekosea njia. Ni afadhali waambiwe mapema kwamba bei ipo, na kwamba wako watu wa umri wao waliolipa bila kunung'unika.

Tena yapasa kukumbuka mzigo wa aina nyingine, mzigo wa mtu ambaye wenzake wamepoteza kitu kwa ajili yake. Kusamehewa deni ni kuzito kuliko wengi wanavyodhani. Mtu mwenye staha hatamani kuwa sababu ya hasara ya rafiki, hata kama kosa si lake. Matson na Toler hawakuomba kutetewa. Walichotaka ni kucheza. Ubaguzi una hila hii, kwamba humfanya aliyedhulumiwa aonekane kuwa ndiye mwenye kuwaletea wengine taabu. Jibu la wenzao liliivunja hila hiyo, kwa kuwa hawakusema wanawasaidia wawili. Walisema timu haiendi.

Miaka ilipita, na kila mmoja akaenda alikoelekea. Matson alikwenda Helsinki katika michezo ya Olimpiki ya 1952, akarudi na nishani ya shaba ya mbio za mita 400 na ya fedha ya mbio za kupokezana. Akacheza mpira wa kulipwa miaka mingi, na mwaka 1959 timu ya Los Angeles ilimpata kwa kubadilishana na wachezaji tisa. Mtu mmoja kwa tisa. Marchetti akawa mmoja wa walinzi wakubwa waliopata kuonekana. Yeye na Matson waliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo mwaka mmoja, 1972, na St. Clair akawafuata mwaka 1990. Kwa timu moja ya chuo kidogo kutoa watu watatu wa daraja hiyo ni jambo la ajabu. Rozelle, kijana wa kubembeleza waandishi, alichaguliwa mwaka 1960 kuwa mkuu wa ligi nzima ya wachezaji wa kulipwa, akaitawala mpaka 1989.

Chuo nacho hakikukaa bila utukufu. Katika 1955 na 1956 timu yake ya mpira wa kikapu, iliyoongozwa uwanjani na Bill Russell na K.C. Jones, wote wawili weusi, ilitwaa ubingwa wa vyuo vya nchi nzima. Na kuta za Kusini zikaanza kupata nyufa. Mwanzoni mwa 1956 Bobby Grier wa Pittsburgh alicheza Sugar Bowl, mweusi wa kwanza kufanya hivyo, ingawa gavana wa Georgia alipinga. Miaka minne tu ilikuwa imepita.

Lakini aliyeandikiwa njia ndefu kuliko wote ni Burl Toler. Katika 1952 aliumia goti katika mchezo wa nyota wa vyuo, na uchezaji wake ukaishia hapo, kabla hajapokea mshahara wa siku moja. Mwenzake Matson alikuwa anaanza kuvuna. Yeye jembe lilivunjika mkononi. Akawa mwalimu wa shule mjini San Francisco, kisha mwalimu mkuu, mweusi wa kwanza kushika cheo hicho katika shule za sekondari za mji ule. Na mwaka 1965, wakati Rozelle ni mkuu wa ligi, Toler aliteuliwa kuwa mwamuzi, mweusi wa kwanza kuamua mchezo wa ligi ile. Siku za kazi alikuwa shuleni; siku ya mapumziko alivaa shati la mistari akasimama kwenye mstari, akiwaangalia wengine wakifanya alichokuwa yeye mwenyewe hawezi tena kukifanya. Aliifanya kazi hiyo misimu 25.

Heshima ya timu ilikuja polepole, kama zijavyo heshima zote ambazo watu huona haya kuzichelewesha. Vitabu viliandikwa, filamu ikatengenezwa, na mwaka 2008 Fiesta Bowl iliwaheshimu wazee waliosalia. Toler alifariki mwaka 2009, Matson 2011, St. Clair 2015, Marchetti 2019. Mwaka 2017 chuo kiliondoa jina la James Phelan katika bweni moja la wanafunzi. Phelan alikuwa meya wa San Francisco na baadaye seneta, mtu aliyeomba kura kwa ahadi ya kuibakiza California kuwa nchi ya weupe. Wanafunzi ndio waliodai jina lake liondoke, na jina lililowekwa mahali pake ni la Burl Toler. Sasa kijana anayetafuta kitanda chake usiku wa kwanza chuoni huelekezwa kwa jina la mtu ambaye zamani kamati za miji mitatu hazikutaka kumpa kitanda.

Na methali? Yasemwa mcheza kwao hutunzwa, na wale vijana walicheza kwao wasitunzwe. Lakini huenda neno kwao lilieleweka vibaya. Watu wa Miami walidhani kwao ni ardhi, na ardhi ina wenyewe. Vijana wa kilimani walikuwa na maana nyingine, ingawa hawakuitamka: kwao ni mahali ambapo mtu akianguka mwenzake hugeuka. Kwa maana hiyo Matson na Toler walitunzwa mapema kabisa, katika siku zile za mwisho wa msimu wa 1951, na watu waliokuwa na haki ya kutunza. Bakuli lisingeweza kuongeza kitu.

Tarehe 20 Januari 1980 mchezo mkubwa wa mwisho wa ligi, Super Bowl, ulifanyika Pasadena, katika uwanja uleule wa Rose Bowl ambamo timu ya San Francisco ilicheza mchezo wake wa tisa na wa mwisho. Watu zaidi ya laki moja walikuwamo. Wachezaji walijipanga pande mbili wakainama, weusi na weupe, bega kwa bega. Pembeni, mguu wake juu ya mstari, filimbi shingoni, alisimama mwamuzi wa kwanza mweusi kupewa mchezo huo. Alikuwa na umri wa miaka 51. Mchezo haukuweza kuanza mpaka yeye na wenzake wawe tayari.